Kwa nini gari la wagonjwa halikumkimbiza baba mkwe moja kwa moja Maweni

Marahaba, mwalimu, na pole sana kwa mliyopitia. Kabla sijakujibu, niwaeleze wasomaji wengine ulichoniandikia. Baba mkwe wako, mkulima wa kahawa mwenye miaka 58, anaishi kijiji kimoja karibu na Manyovu, wilaya ya Buhigwe. Saa 10 alfajiri aliamshwa na maumivu ya kifua yaliyoshuka hadi mkono wa kushoto, akatokwa jasho jingi na kutapika mara moja. Mkadhani ni gesi, mkampa dawa ya vidonda vya tumbo, mkangoja. Saa 10:50 ndipo mlipopiga simu, na gari la wagonjwa likafika saa 11:40. Wahudumu walimpeleka hospitali iliyokuwa jirani, wakafika saa 12:15. Akapimwa ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo kwa mistari, na saa 12:50 akaanzishiwa dawa kwa dripu iliyokwenda kwa saa nzima. Wakaendelea kumwangalia, na saa 2:30 asubuhi ndipo safari ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, Kigoma mjini, ilipoanza.

Mzee yuko hai na amerudi nyumbani, ila familia imegawanyika. Mumeo anasema wahudumu walifanya sawasawa. Shemeji yako wa Ujiji anasema saa mbili na robo zilichezewa wakati lami ya kwenda Kigoma iko wazi. Shemeji wa Dar es Salaam anasema mzee alitakiwa kupandishwa ndege siku ileile. Nawe unauliza nani yuko sahihi, likitokea tena mfanye nini, na kama mzee anaweza kusafiri kwenda Dodoma kwa vipimo.

Mumeo yuko sahihi. Kwa maelezo uliyonipa, ule uamuzi wa kusimama ndio uliookoa sehemu kubwa ya moyo wa mzee. Kuna jambo moja ambalo wahudumu walipungukiwa, nitalifikia.

Tuanze na kinachotokea ndani ya mtu aliyepata mshtuko wa moyo, maana ndio uliompata mzee. Moyo hulishwa damu na mishipa midogo inayouzunguka kwa nje. Kwa miaka mingi mafuta hujikusanya kwenye ukuta wa mshipa, na siku moja utando wake hupasuka. Damu huganda juu ya ule ufa, na bonge hilo huziba njia. Sehemu ya msuli iliyotegemea mshipa huo huanza kufa ndani ya nusu saa hivi. Haifi kwa mara moja. Hufa kidogokidogo kwa saa kadhaa, na ikifika saa ya sita sehemu kubwa huwa imeshakwenda. Zikipita saa 12, kwa wagonjwa wengi faida ya kuzibua mshipa huwa imepungua sana. Msuli wa moyo uliokufa hauoti tena. Hubaki kovu, na mwenye kovu kubwa ndiye utakayemwona miezi michache baadaye anavimba miguu na kushindwa kupanda mlima wa kwenda shambani kwake.

Kwa hiyo tunahesabu tangu maumivu yalipoanza mpaka mshipa unapofunguka. Geti la hospitali halisimamishi hesabu hiyo. Mgonjwa anaweza kulazwa kwenye hospitali kubwa kuliko zote mkoani na mshipa wake ukabaki umeziba vilevile kwa saa nyingine nzima.

Njia za kuzibua ziko mbili. Ya kwanza ni kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye moyo, kupanua palipoziba kwa kiputo, na kuacha pale kijibomba cha wavu kinachoitwa stenti. Kazi hii hufanywa kwenye chumba maalumu ambacho wengi wanakijua kwa jina la Cathlab. Kwa Tanzania, mahali panapojulikana zaidi kwa kazi hii ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Dodoma kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa. Njia ya pili ni dawa ya kuyeyusha bonge la damu, inayopitishwa kwenye mshipa wa mkono. Ipo ya aina kadhaa. Uliyoniandikia kutoka kwenye karatasi ya rufaa, streptokinesi uniti milioni 1.5, ni ya siku nyingi na ni ya bei nafuu kuliko wenzake.

Waya ni bora kuliko dawa, endapo unafikiwa mapema. Hapo kwenye "mapema" ndipo mashemeji zako wote wawili wanapoteleza. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya unasema hivi: ukishaiona ECG, kama mgonjwa anaweza kupitishiwa waya ndani ya dakika 120, mpeleke. Kama haiwezekani, mpe dawa ya kuyeyusha hapohapo ulipo, ndani ya dakika 10 tangu ECG isomwe, kisha ndipo umsafirishe. Kutoka Buhigwe, dakika 120 hazikufikishi Dodoma wala Dar es Salaam kwa usafiri wowote. Kwa mgonjwa wa Kigoma, Kasulu, Kibondo, na hata wa Urambo au Kaliua kule Tabora, matibabu ya kwanza ni dawa. Kinachobaki kuamuliwa ni mahali gani ataipata mapema zaidi.

Sasa tufanye hesabu ya siku ile. Walikuwa hospitali jirani saa 12:15. Wangepita bila kusimama, kwa barabara ya Manyovu wangefika Maweni kama saa 1:30. Kumshusha, kumpokea, kumpima ECG, daktari kuisoma, kuandaa dawa: hata mambo yakienda vizuri, dripu ingeanza kama saa 2:15. Walikosimama ilianza saa 12:50. Hiyo ni tofauti ya dakika 85. Mzee alipata dawa saa mbili na dakika hamsini tangu maumivu yaanze, badala ya zaidi ya saa nne. Na dawa hii hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa tatu za mwanzo, wakati bonge bado ni laini. Shemeji wa Ujiji anahesabu muda ambao gari lilikaa limeegeshwa. Kwa mzee, dakika zile ndizo matibabu yalikuwa yanaingia mwilini.

Dawa hii haikubahatishwa. Mwaka 1988 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa ISIS-2, uliohusisha wagonjwa 17,187 wa hospitali za nchi mbalimbali. Kati ya kila wagonjwa 100 ambao hawakupewa streptokinesi wala aspirini, 13 hivi walifariki kwa moyo na mishipa ndani ya wiki tano. Waliopewa streptokinesi pamoja na aspirini, walifariki 8. Aspirini peke yake, kidonge ambacho duka la dawa muhimu la kijijini kwenu linauza kwa hela ndogo sana, ilipunguza vifo karibu robo. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona familia zikilia kwamba hawakuwa na pesa za Dar es Salaam, kumbe sehemu kubwa ya msaada ingeanzia palepale kijijini.

Umeuliza kwa nini dripu ilichukua saa nzima na kwa nini hawakuiendeleza ndani ya gari. Streptokinesi hupitishwa polepole, kati ya dakika 30 na 60. Ikikimbizwa, presha huporomoka, na hata ikienda taratibu huweza kushuka, ikabidi dripu ipunguzwe mwendo au isimamishwe kwanza na miguu iinuliwe. Tena mshipa unapofunguka ghafla, moyo unaweza kuvuruga mapigo yake kwa dakika kadhaa. Wakati kama huo mgonjwa anatakiwa awe mahali penye mashine inayoonyesha mapigo muda wote, mashine ya kushtua moyo, na mtu wa pili wa kusaidia. Kama gari lile halikuwa na mashine hizo, au lilikuwa na muuguzi mmoja tu nyuma, kuingiza dawa kwenye kona za Manyovu kungekuwa kumtoa mzee kwenye hatari moja na kumtia kwenye nyingine. Baada ya dripu hupimwa ECG ya pili, dakika 60 hadi 90 tangu dawa ianze, kuona kama ile mistari ya ECG iliyonyanyuka mshipa ulipoziba imeshuka angalau nusu. Ikishuka, na maumivu yakipungua, ni dalili nzuri kwamba njia imefunguka. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee.

Nikueleze pia mhudumu wa gari anafikiria nini anapoingia chumbani kwenu, maana wewe uliona tu mtu anauliza maswali mengi wakati mgonjwa anagumia. Kitu cha kwanza anachotaka ni ECG, ikiwa anayo, na anaitaka ndani ya dakika 10 tangu amguse mgonjwa. Asipokuwa nayo, kituo cha kwanza chenye ECG ndicho kituo chake. Kipimo kile ndicho kinachogawa safari. Mistari ikiwa imenyanyuka kwa namna fulani, mshipa umeziba kabisa na dawa ya kuyeyusha inahitajika. Isiponyanyuka, bado unaweza kuwa mshtuko wa moyo, lakini wa aina ambayo dawa ya kuyeyusha haisaidii na inaweza kudhuru. Huyo anahitaji vipimo vya damu, dawa nyingine za kuzuia kuganda na daktari wa kumfuatilia, na ni halali kabisa kupita hospitali ndogo na kumpeleka ya mkoa kama hali yake inaruhusu. Na ECG ikionekana safi kabisa, mhudumu mwenye uzoefu harudishi mgonjwa nyumbani. Hurudia kupima, kwa sababu ya kwanza inaweza kudanganya.

Halafu anauliza maswali ya kuzuia maafa. Amewahi kupata kiharusi? Ametapika damu au kupata choo cheusi karibuni? Ameumia kichwa au kufanyiwa upasuaji? Presha iko juu ya 180 kwa 110 na haishuki? Maumivu yalianza kwa kishindo, yakapasua kuelekea mgongoni, na presha ya mkono mmoja imepishana sana na ya mwingine? Hilo la mwisho laweza kuwa mshipa mkuu wa damu unaochanika, na kwa mgonjwa huyo dawa ya kuyeyusha ni kifo. Hata kwa asiye na kizuizi chochote, kuna hatari ya kuvuja damu kwenye ubongo, karibu mgonjwa mmoja kati ya 100 au pungufu. Ndiyo maana haitolewi kwa kukisia. Mwenye kizuizi hana sababu ya kusimamishwa hospitali ndogo kwa ajili ya dawa ambayo hatapewa. Huyo apelekwe juu, na ngazi ya juu ipigiwe simu mapema.

Kuna swali jingine ambalo wazee wetu hawalijibu mbele ya watu: je, ametumia dawa ya nguvu za kiume jana au leo? Ile dawa ya kuweka chini ya ulimi au kupuliza mdomoni ili kutuliza maumivu ya kifua ikikutana nayo, presha inaweza kuanguka vibaya. Kwa sildenafili tunasubiri saa 24, kwa tadalafili saa 48. Wewe kama mkwe ukiombwa utoke nje kidogo, toka, wala usione umedharauliwa. Hakuna mzee wa Kiha atakayelisema jambo hilo mkwewe akiwa amesimama mlangoni.

Yupo mgonjwa mwingine ambaye nisingemsimamisha hospitali ya jirani hata kama ana ECG ya mshipa ulioziba: yule mwenye presha ya chini sana, mikono baridi, aliyechanganyikiwa, au anayehema kwa kukoroma majimaji kifuani. Moyo wake umeshindwa kusukuma, na dawa kwa mtu wa hali hiyo hufanya kazi kwa shida. Anahitaji mahali penye daktari bingwa na chumba cha uangalizi maalumu. Hata hivyo ningepiga simu kwanza na kuuliza. Ikiwa njia ni ya saa tatu, nisingethubutu kumsafirisha bila kumpa kitu. Uamuzi huu ni mgumu, na madaktari wawili wazuri wanaweza kutofautiana juu yake.

Zahanati isiyo na ECG, dawa wala mashine ya kushtua moyo haina sababu ya kumchelewesha mgonjwa wa namna hii, isipokuwa kumpa aspirini kama hajapata na kuita gari. Kumwekea dripu ya maji "apate nguvu" wakati mapafu yanaweza kujaa ni kumwongezea mzigo. Oksijeni nayo ni kwa aliyepungukiwa, yaani kipimo cha kidole kikiwa chini ya asilimia 90.

Moyo ukisimama njiani, gari nalo lisimame. Wapita njia hushangaa kuona gari la wagonjwa limeegeshwa kando ya barabara, taa zinawaka, wakadhani dereva ameharibikiwa. Kukandamiza kifua ndani ya gari linaloruka matuta hakufikii kina kinachotakiwa, sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Wengi wanaofariki mapema kwa mshtuko wa moyo huuawa na mapigo yaliyovurugika, na mapigo hayo hurudishwa kwa mashine ya kushtua. Kila dakika inayopita bila mashine, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Hili ndilo lililomfanya daktari Frank Pantridge wa Belfast, mwaka 1966, kuanza kupeleka mashine ya kushtua moyo ndani ya gari hadi kwa mgonjwa. Gari la wagonjwa lenye mashine hiyo na lisilo nayo ni vyombo viwili tofauti, na ningependa madiwani wanapokabidhiwa gari jipya waulize kilichomo nyuma kabla ya kupiga picha na funguo.

Sasa ndege. Namwelewa shemeji wa Dar es Salaam. Amekaa mbali, anaona JKCI iko karibu naye, na anampenda baba yake. Lakini ndege ya abiria ina ratiba yake, na hakuna shirika litakalompokea mgonjwa mwenye mshtuko unaoendelea bila kibali cha daktari. Hewa ndani ya ndege ikiwa angani ni nyepesi, sawa na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na moyo uliokosa damu hauhitaji mtihani huo. Njia yenyewe, kutoka Buhigwe hadi uwanja wa Kigoma, kungoja, kuruka, kutua, kupenya foleni hadi Muhimbili, ingekula nusu siku hata mambo yote yakinyooka. Mshipa ungekuwa bado umeziba. Ndege maalumu ya wagonjwa, yenye daktari na mashine, ina nafasi yake: kwa aliyepewa dawa na ikashindwa, au ambaye dawa imekatazwa kwake. Kwa hao, kila jitihada ya kuwafikisha Dodoma au Dar es Salaam siku ileile ina maana.

Nimesema wahudumu walipungukiwa jambo moja. Umeniandikia kwamba walipofika Maweni, karatasi ya rufaa ilikuwa na jina la dawa na kiasi chake, lakini haikuwa na saa ilipoanza wala ilipoisha, ECG ya kwanza ilibaki kule, na hakuna aliyekuwa ametoa taarifa kwamba mnakuja. Hilo ni upungufu wa kweli, na lingeweza kuleta madhara. Daktari anayepokea asipojua saa ya dawa hawezi kuamua kama imeshindwa au bado ni mapema kuihukumu. Asipoiona ECG ya kwanza hana cha kulinganisha nacho. Simu moja kabla ya kuondoka, picha ya ECG ikatumwa kwa WhatsApp, saa ya dawa ikaandikwa kwa kalamu nzito juu ya karatasi: ni kazi ya dakika tatu. Simu hiyohiyo hutumika kuuliza jambo ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote kabla gari halijageuza usukani: "ECG yenu inafanya kazi sasa hivi? Dawa ya kuyeyusha iko stoo, au iliisha?" Hospitali ya karibu isiyo na dawa siku hiyo haihesabiki kuwa karibu.

Tuje nyumbani kwenu. Silisemi hili kuwalaumu, kwa sababu karibu kila familia hufanya mlivyofanya. Kati ya maumivu kuanza na simu kupigwa zilipita dakika 50, na ndizo dakika ambazo ziko mikononi mwenu. Maumivu ya kifua kwa mtu mzima, yenye kubana au kukaba, yanayodumu zaidi ya robo saa, yakiambatana na jasho, kichefuchefu, au kutambaa kwenda begani, mkononi au tayani, yahesabiwe kuwa ya moyo mpaka ECG iseme vingine. Vidonda vya tumbo vitasubiri. Wenye kisukari, akina mama na wazee sana wanaweza wasipate maumivu makali kabisa, bali kuchoka ghafla, kuhema na kutokwa jasho la baridi. Hao ndio wanaochelewa kuliko wote.

Mpeni aspirini ya miligramu 300, au vidonge vinne vya miligramu 75, atafune badala ya kumeza mizima, isipokuwa kama ana mzio nayo au anatapika damu. Msimpe diklofenaki. Naijua inavyopendwa kwa kila maumivu, ila kwa moyo ulioziba ni dawa mbaya. Mkalisheni akiwa ameegemea nusu, mumtulize, asitembee. Machela, kiti, hata mlango uliong'olewa bawaba, chochote kitakachomfikisha barabarani bila yeye kutumia miguu. Anayetaka kumwombea amwombee, maombi yaende pamoja na gari.

Namba ya gari la wagonjwa itafutwe kabla ya dharura. Mpango wa m-mama na namba yake 115 mnaousikia redioni ulijengwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kwa hiyo ulizeni kituo chenu cha afya namba ya kupiga kwa dharura za aina nyingine, iandikwe ukutani. Na msikae kujadili mafuta nani alipe wakati mgonjwa yuko uani. Mtu mmoja abebe deni, mengine yatazungumzwa baadaye.

Gari la wagonjwa likiwa mbali kwa zaidi ya saa moja, gari lolote la mtaani ambalo mgonjwa anaweza kuegemea ni afadhali kuliko kungoja. Bodaboda ni ya mwisho kabisa, maana akizimia barabarani anaanguka. Ndugu zetu wa vijiji vya ziwani Uvinza, ambao njia yao ni boti, wao aspirini na simu ndiyo kila kitu katika saa ya kwanza: mgonjwa abebwe hadi ndani ya boti asiingie majini kwa miguu yake, na gari limngoje mwaloni badala ya kuitwa boti ikishafika.

Nimalizie na safari ya Dodoma. Mzee anahitaji kupigwa picha ya mishipa ya moyo hata kama dawa ilifanya kazi, kwa sababu bonge limeyeyuka lakini ule ukuta ulioharibika bado upo. Kimsingi hilo lingefanyika ndani ya siku moja baada ya dawa. Halikuwezekana, na bado lina faida sasa. Waulizeni pia Maweni kuhusu ziara za tiba mkoba za JKCI, maana wataalamu wake huzunguka mikoani, na kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti anaweza kukipata bila kusafiri mbali. Mgonjwa aliyetulia, asiye na maumivu, asiyevimba wala kuhema usiku, kwa kawaida huruhusiwa safari ndefu baada ya wiki mbili hivi, lakini ruhusa itoke kwa daktari anayemwona. Maumivu yakirudi kabla ya hapo, hiyo ni dharura mpya ya siku ileile.

Kwa safari yenyewe, mimi ningechagua treni ya reli ya kati mpaka Dodoma, daraja la kulala, kuliko basi. Anaweza kunyoosha miguu, kusimama kila baada ya muda na kwenda chooni bila kumwomba dereva. Dawa zake zote, aspirini, klopidogreli ya kuzuia damu kuganda, ya kolesteroli na zile za presha, zikae kwenye mkoba wa mkononi, wala asiruke hata dozi moja kwa sababu anajisikia mzima. Beba nakala za ECG zote mbili. Na kwenye daftari lake la kliniki, ukurasa wa kwanza, mwandikie kwa herufi kubwa: AMEPATA STREPTOKINESI, pamoja na tarehe. Mwili hutengeneza kinga dhidi ya dawa hiyo na haitakiwi kurudiwa. Siku nyingine akihitaji dawa ya kuyeyusha, hospitali itafute ya aina tofauti, na atakayempokea huenda asipate mtu wa kumweleza.